Umri, Rika na Matarajio ya Maisha: Hesabu ya Uhai wa Wanyamapori kwa Mfano wa Gorila wa Kivu

1.0 Utangulizi

Neno umri katika Kiswahili hubeba maana zaidi ya moja. Anayeuliza umri wa mtoto hutaka kujua miaka ambayo mtoto huyo amekwisha kuishi. Anayemwombea mwenzake umri mrefu hamwombei miaka iliyopita, bali ile ijayo. Katika mazungumzo ya kila siku maana hizi mbili hazigongani, kwa kuwa muktadha hutosha kuzitenganisha. Katika hesabu za viumbe, hata hivyo, kuchanganya miaka iliyokwisha kuishiwa na miaka inayotarajiwa kuishiwa ni kosa linaloweza kumfanya mtafiti aione jamii inayoongezeka kuwa inakufa, au inayokufa kuwa iko salama.

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa Kiswahili na kwa hesabu nyepesi, jinsi wataalamu wanavyokadiria umri na urefu wa maisha ya wanyamapori, na jinsi makadirio hayo yanavyotumiwa kutabiri hatima ya jamii nzima ya wanyama. Mfano mkuu ni gorila wa Grauer, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani ila katika misitu ya mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sehemu ya makazi yake imo katika wilaya ya Walikale, Kivu ya Kaskazini. Huko, na katika wilaya jirani ya Masisi, msitu hukutana na uchimbaji wa madini, na Omate ni miongoni mwa majina yanayojulikana kwa dhahabu. Swali lililo mbele ya makala haya ni hili: je, jamii ya wanyama wanaoishi muda mrefu na kuzaa polepole inaweza kuvumilia vifo vya ziada vingapi kwa mwaka kabla ya kuanza kudidimia?

2.0 Istilahi za msingi

Kabla ya kuingia katika hesabu inafaa kutenganisha dhana nne.

Kwanza, umri ni miaka ambayo mnyama amekwisha kuishi siku anapoonekana. Pili, upeo wa maisha ni umri wa juu kabisa ambao wanyama wa aina fulani huweza kuufikia. Tatu, matarajio ya maisha ni wastani wa miaka ambayo mnyama wa umri fulani bado anatarajiwa kuishi. Nne, rika ni wanyama wote waliozaliwa katika kipindi kimoja na wanaofuatiliwa pamoja hadi wa mwisho wao afe.

Istilahi hii ya mwisho haikuhitaji kubuniwa. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki watu wa rika moja ni wale waliozaliwa au waliotiwa jandoni pamoja na wanaozeeka pamoja. Hiyo ndiyo dhana hasa ambayo hesabu za uhai zinaihitaji. Pale ambapo wanyama wanagawanywa tu kwa kuonekana kwao, kama vile watoto, vijana na wazima, bila kujali walizaliwa mwaka gani, ni afadhali kusema tabaka la umri, ili neno rika libaki na maana yake halisi.

Jina la mnyama mwenyewe nalo lina utata. Neno sokwe limetumiwa kumtaja gorila na vilevile yule anayeitwa pia sokwe mtu, ingawa wanyama hawa ni wa aina mbili tofauti. Kwa Kinyarwanda gorila huitwa ingagi. Makala haya yanatumia gorila kuepusha mkanganyiko. Tatizo la istilahi za sayansi si geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilikuwa hatua kubwa, lakini taaluma ya idadi ya viumbe bado inahitaji msamiati ulio thabiti.

3.0 Umri wa mnyama hujulikanaje?

Binadamu ana cheti cha kuzaliwa, au walau ana wazee wanaokumbuka kwamba alizaliwa mwaka wa njaa fulani. Mnyama hana hata kimoja. Kwa hiyo watafiti hutegemea njia mbili kuu.

Njia ya kwanza ni kusoma alama za mwili. Mfano bora unatoka Uganda, ambako katika miaka ya 1960 Richard Laws alichunguza mataya ya tembo. Tembo huota magego sita, moja baada ya jingine, katika kila upande wa kila taya. Gego likilika husukumwa mbele, na jingine huchukua nafasi yake kutoka nyuma. Kwa kutazama ni gego lipi linalotumika na limelika kiasi gani, Laws aliweza mwaka 1966 kuyapanga mataya ya chini katika matabaka 30 ya umri. Gego la sita likiisha, tembo hawezi tena kutafuna vizuri. Ndiyo maana upeo wa maisha ya tembo huwa karibu na miaka 60 au kupita kidogo.

Njia ya pili ni kuwajua wanyama mmoja mmoja tangu kuzaliwa kwao. Hii hudai subira ya miaka mingi. Jane Goodall alianza kazi hiyo kwa sokwe wa Gombe, Tanzania, mwaka 1960. Dian Fossey aliianza kwa gorila wa milima ya Virunga, katika kituo cha Karisoke nchini Rwanda, mwaka 1967. Na Cynthia Moss kwa tembo wa Amboseli, Kenya, mwaka 1972. Kutokana na rekodi za Amboseli, Moss alieleza mwaka 2001 kwamba matarajio ya maisha wakati wa kuzaliwa yalikuwa miaka 41 kwa tembo jike na miaka 24 kwa tembo dume. Tofauti hiyo kati ya jike na dume isingeweza kuonekana kwa kutazama upeo wa maisha peke yake.

Gorila wa Grauer katika misitu ya Walikale hawajazoea watu, na mara nyingi huonekana kwa nadra kuliko nyayo zao. Bahati nzuri, kila gorila mkubwa hujitengenezea kiota kipya cha kulalia kila jioni, na mtoto hulala na mama yake hadi aachishwe kunyonya. Mtafiti anayefika asubuhi kwenye viota hivyo huweza kuvihesabu na kupima ukubwa wa kinyesi kilichoachwa ndani yake. Kinyesi kikubwa sana ni cha dume mzima mwenye mgongo mweupe. Cha wastani ni cha jike mzima au dume kijana. Na kidogo kilicho kando ya kile cha mama ni cha mtoto. Njia hii haitoi umri kwa miaka. Hutoa matabaka ya umri tu, lakini matabaka hayo yanatosha kuanzia hesabu.

4.0 Jedwali la maisha na mitego yake

Chombo cha kwanza cha hesabu hizi ni jedwali la maisha. Jedwali hilo huanza na rika la wanyama, tuseme 100, kisha huonyesha mwaka hadi mwaka wangapi wangali hai, wangapi wamekufa, na waliobaki wanatarajiwa kuishi miaka mingapi zaidi. Wenye bima ya maisha huko Ulaya walilitumia kwa binadamu kwa karne kadhaa. Edward Deevey ndiye aliyelipa umaarufu katika taaluma ya wanyamapori, kwa makala aliyoitoa mwaka 1947 akitumia, pamoja na mifano mingine, mafuvu ya kondoo-mwitu yaliyookotwa Alaska.

Mtego wa kwanza wa jedwali hili ni neno wastani. Chukua rika la kubuni la wanyama 100. Wanyama 40 wanakufa wangali wachanga, kwa wastani wa miaka 2, na 60 waliobaki wanafikia miaka 35. Jumla ya miaka yote iliyoishiwa ni 80 kuongeza 2,100, yaani 2,180. Ikigawanywa kwa 100, matarajio ya maisha wakati wa kuzaliwa ni takriban miaka 22. Lakini katika rika hilo hakuna mnyama aliyekufa akiwa na miaka 22. Anayesema kwamba wanyama hao huzeeka wakifikia miaka 22 amekosea kabisa: aliyevuka utoto anayo miaka mingi mbele yake.

Mtego wa pili ni wa mifupa. Mtafiti akiokota mafuvu porini na kutafuta wastani wa umri wa waliokufa, hupata jibu sahihi ikiwa tu jamii hiyo haiongezeki wala haipungui. Jamii inayoongezeka ina watoto wengi kuliko wazee, kwa hiyo hata mafuvu yake mengi yatakuwa ya watoto. Asiyekumbuka jambo hilo atadhani kwamba jamii hiyo inakumbwa na maafa, kumbe inastawi. Kinyume chake pia ni kweli: jamii ambayo haizai tena huacha mafuvu ya wazee tu, na wastani wa umri wa waliokufa hupanda kadiri jamii yenyewe inavyokaribia kutoweka.

5.0 Kutoka jedwali hadi modeli

Jedwali hueleza yaliyotokea. Modeli ya kihesabu hujaribu kueleza kanuni iliyo nyuma yake, ili yatakayotokea yaweze kukadiriwa.

Mwaka 1825 Mwingereza Benjamin Gompertz aligundua kwamba kwa binadamu mzima hatari ya kufa huongezeka kwa uwiano usiobadilika: baada ya kila idadi fulani ya miaka huwa maradufu. Kanuni hiyo hufaa kwa uzee, lakini haielezi vifo vya utotoni. Mwaka 1979 William Siler alipendekeza modeli ya wanyama yenye sehemu tatu zinazojumlishwa: hatari ya utotoni ambayo hupungua kadiri mtoto anavyokua, hatari ya ajali na maradhi ambayo haibadiliki na umri, na hatari ya uzee ambayo hupanda kwa kanuni ya Gompertz. Mchoro wake hufanana na karai: pande mbili zilizoinuka na kitako kipana katikati. Kwa mnyama kama gorila, kitako hicho cha karai ndicho maisha yake ya kuzaa.

Hatua ya pili ni kuunganisha vifo na uzazi. Msingi wake uliwekwa na Leonhard Euler mwaka 1760, na ukapata umbo rahisi kutumika mwaka 1945 kwa kazi ya P. H. Leslie wa Chuo Kikuu cha Oxford. Leslie alipanga namba katika jedwali la mraba, yaani matriksi. Mstari wa juu huonyesha kila tabaka la umri linazaa watoto wangapi, na namba zilizopangika kimshazari chini yake huonyesha sehemu ya kila tabaka inayonusurika hadi mwaka unaofuata. Jedwali hilo likizidishwa kwa idadi ya wanyama wa mwaka huu, hutoa idadi ya mwaka ujao. Zoezi likirudiwa mara nyingi, jamii huanza kukua au kupungua kwa kiwango kimoja kisichobadilika, kama fedha inayozaa riba au deni linalozidi kulimbikizwa.

6.0 Hesabu ya jike mmoja

Kiini cha modeli hiyo kinaweza kuonekana hata bila matriksi. Inatosha kuuliza: je, jike mmoja mzima huacha nyuma yake mabinti wangapi wanaofikia umri wa kuzaa? Wakiwa zaidi ya mmoja, jamii inaongezeka. Akiwa mmoja, inasimama palepale. Wakiwa pungufu ya mmoja, inadidimia.

Namba zifuatazo zimerahisishwa kwa ajili ya mfano, lakini haziko mbali na yanayojulikana kuhusu gorila wa milimani. Jike huanza kuzaa akiwa na miaka 10 hivi, na huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka 4. Nusu ya watoto ni majike, kwa hiyo kila mwaka jike mmoja huzaa, kwa wastani, binti 0.125. Tuseme kati ya watoto 100, watoto 60 hufikia miaka 10. Basi kila mwaka wa maisha yake jike mzima huchangia mabinti 0.075 watakaofikia umri wa kuzaa.

Kinachobaki ni kujua jike mzima anatarajiwa kuzaa kwa miaka mingapi. Hapa ndipo matarajio ya maisha yanapoingia. Vifo vya majike wazima vikiwa 3 kwa kila 100 kwa mwaka, matarajio hayo ni 100 gawanya kwa 3, yaani miaka 33. Zidisha kwa 0.075: jike huacha mabinti 2.5, na jamii huongezeka kwa karibu asilimia 3 kwa mwaka. Vifo vikipanda hadi 7.5 kwa kila 100, matarajio hushuka hadi miaka 13, na jike huacha binti mmoja kamili: jamii imesimama. Vikifika 10 kwa kila 100, matarajio ni miaka 10 na binti ni 0.75. Jamii imeanza kushuka.

Tafsiri ya namba hizi msituni ni nzito. Katika jamii yenye majike wazima 200, vifo 3 kwa kila 100 ni majike 6 kwa mwaka, na vifo 7.5 kwa kila 100 ni majike 15. Tofauti kati ya jamii inayostawi na jamii iliyosimama ni majike 9 kwa mwaka, katika msitu unaohitaji siku nyingi kuuvuka kwa miguu. Vifo 9 vya ziada ni vichache kiasi kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kuviona vyote.

Hesabu hiyohiyo huonyesha kwa nini ulinzi wa wazima hauwezi kufidiwa na ulinzi wa watoto. Jamii iliyosimama, yenye vifo 7.5 kwa kila majike 100, inaweza kufikishwa kwenye mabinti 1.5 kwa njia mbili. Njia moja ni kupunguza vifo vya majike wazima hadi 5 kwa kila 100. Nyingine ni kupunguza vifo vya watoto kutoka 40 hadi 10 kwa kila 100, jambo ambalo ni gumu mno kutarajiwa porini. Kwa sababu hiyo, mitego ya kamba na waya iliyowekwa kwa ajili ya funo na nguruwe-mwitu, lakini ikamnasa gorila mkubwa, ina madhara yasiyolingana kabisa na nia ya aliyeitega.

7.0 Yaliyotokea Kivu

Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, na sehemu yake ya bondeni inafika Walikale. Gorila wa sehemu yake ya milimani wamehesabiwa mara kadhaa: walikuwa 258 mwaka 1990, 245 mwaka 1996, takriban 130 mwaka 2000, na 181 mwaka 2010. Katikati ya namba hizi ndimo zilimopita vita vya 1996 na 1998.

Kwa kanuni ya riba, kutoka 245 hadi 130 kwa miaka 4 ni upungufu wa karibu asilimia 15 kila mwaka. Hapa modeli husema jambo ambalo hesabu ya vichwa peke yake haisemi. Hata kama majike wote wangeacha kuzaa kwa miaka hiyo minne, vifo vya kawaida vingeipunguza jamii kwa asilimia chache tu kwa mwaka. Upungufu wa asilimia 15 hauwezi kuelezwa kwa uzee, maradhi ya kawaida wala ukosefu wa watoto. Isipokuwa kama gorila hao walihama, lazima wengi wao waliuawa, na waliouawa walikuwa pamoja na wazima.

Kutoka 130 hadi 181 kwa miaka 10 ni ongezeko la asilimia 3.4 kwa mwaka, ambalo liko karibu na kiwango cha juu cha mnyama wa aina hii. Kwa kasi hiyo, kuirudisha jamii kutoka 130 hadi 245 huhitaji miaka 19. Kilichopotea kwa miaka minne hulipwa kwa takriban miaka ishirini, na hiyo ni iwapo amani itadumu muda wote.

Kwa gorila wa Grauer wote, makadirio ya katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa takriban 17,000. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2016 yalikuwa 3,800, upungufu wa asilimia 77, na mwaka huohuo gorila hao waliingizwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ripoti hiyo ilitaja uwindaji unaoambatana na machimbo madogo ya madini kuwa miongoni mwa sababu kuu. Uchunguzi mpana zaidi, uliofikia misitu ambayo hapo awali haikuwa imepimwa vizuri, ulitoa mwaka 2021 makadirio ya 6,800. Ongezeko hilo halimaanishi kwamba gorila 3,000 walizaliwa kwa miaka mitano. Modeli ya sehemu iliyotangulia haikubali jambo hilo hata kidogo. Linamaanisha kwamba namba za kuanzia ziliboreshwa.

Virunga hutoa mfano wa upande wa pili. Mwaka 2011 Martha Robbins na wenzake walilinganisha makundi ya gorila wa milimani kwa kipindi cha 1967 hadi 2008. Makundi yaliyozoea watu na kulindwa kila siku, yakitibiwa na waganga wa mifugo inapobidi, yaliongezeka kwa takriban asilimia 4 kwa mwaka. Makundi yaliyolindwa kwa njia za kawaida yalipungua kwa asilimia 0.7 kwa mwaka. Msitu ulikuwa mmoja na wanyama walikuwa wa aina moja. Kilichotofautiana ni vifo vichache kwa mwaka.

8.0 Hitimisho

Hesabu za umri na urefu wa maisha si mapambo ya kitaalamu yanayoongezwa baada ya wanyama kuhesabiwa. Ndizo zinazoonyesha kwamba idadi kubwa leo inaweza kuwa ya jamii inayokwisha, na idadi ndogo ikawa ya jamii inayopona. Zinaonyesha pia kwamba kwa mnyama anayezaa mara moja kwa miaka minne, jambo la kulinda kwanza ni uhai wa jike mzima.

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Modeli zilizoelezwa hapa zinathibitisha usemi huo kwa namba, na kuonyesha ni vibanzi vingapi vinavyotosha. Mchimbaji wa dhahabu wa Omate, mwindaji wa Walikale na mlinzi wa hifadhi ndio walio karibu na gogo hilo. Hesabu inayowahusu hukokotolewa na kuchapishwa, kwa kawaida, katika lugha ambayo wengi wao hawaisomi. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watatu hao, na maneno umri na rika wanayajua tangu utotoni. Kazi iliyobaki kwa wanaisimu na wanabiolojia ni kuyapa maneno hayo maana thabiti za kitaalamu, ili hesabu ya jike mmoja iweze kuelezwa kijijini kama inavyoelezwa chuoni.